Karatu Baada ya Filbert Bayi

Tarehe 6 Agosti 2022, mjini Birmingham, Mwaustralia Oliver Hoare alimpita Mkenya Timothy Cheruiyot karibu kabisa na mstari wa mwisho, akashinda mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 30.12. Wa tatu alikuwa Jake Wightman wa Scotland. Rekodi ya michezo iliyoanguka siku hiyo ilikuwa imedumu miaka 48, na aliyeiweka ni Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Fainali ile haikuwa na Mtanzania.

Rekodi huwekwa ili zivunjwe, na Bayi mwenyewe aliwahi kuvunja za wenzake. Linalostahili kuchunguzwa liko upande wetu. Rekodi ya taifa ya Tanzania katika mita 1,500 ni ileile ya dakika 3 na sekunde 32.16 aliyoikimbia Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Ya maili moja ni yake, ya mwaka 1975. Ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji pia ni yake, ya mwaka 1980. Dunia ilishampita Bayi zamani, lakini nchi yake bado haijamfikia.

Tukizungumza habari hizi huwa tunachanganya mambo mawili: kushuka kwa Bayi, na kushuka kwa mbio alizokimbia. La kwanza lilitokana na mwili, ugonjwa na siasa za dunia, na halina aibu yoyote ndani yake. La pili limetokana na maamuzi ya watu, na mengi ya maamuzi hayo yangeweza kuwa mengine. Ili kuliona la pili vizuri, inabidi kwanza tujue kilichofanyika Christchurch.

Kabla ya 1974, fainali kubwa za mita 1,500 zilikuwa mara nyingi mbio za kuviziana. Wakimbiaji walizunguka uwanja kwa mwendo wa wastani, kila mmoja akichunga asiwe mbele, kwa sababu anayeongoza ndiye anayepasua upepo na ndiye anayelengwa na wote walio nyuma. Ushindi uliamuliwa katika mita 300 za mwisho. Bayi, kijana wa miaka 20, alikuwa tayari amemshinda Mkenya Kipchoge Keino kwenye Michezo ya Afrika ya Lagos mwaka 1973, na hakuona sababu ya kungoja. Alitoka mbele mara tu mbio zilipoanza. Mita 400 za kwanza alizimaliza chini ya sekunde 55. Mita 800 alizipita kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, huku kundi zima likiwa mbali nyuma yake. Waliokuwa wakimfukuza si wakimbiaji wa kubeza: walikuwamo John Walker na Rod Dixon wa New Zealand, wakiwa nyumbani, na Ben Jipcho wa Kenya. Kila aliyetazama alitarajia angekata pumzi. Katika mzunguko wa mwisho Walker alimkaribia hatua kwa hatua, Bayi akageuka kumtazama, kisha akapata nguvu nyingine na kumaliza mbele. Walker aliingia kwa 3:32.52. Maana yake mshindi wa pili naye alikuwa ameivunja rekodi ya dunia ya 3:33.1 ambayo Mmarekani Jim Ryun aliishikilia tangu 1967.

Mtu akitaka kuelewa uzito wa muda ule, agawanye. Dakika 3 na sekunde 32 kwa mita 1,500 ni sawa na kukimbia kila mita 400 kwa sekunde zisizofika 57, karibu mara nne mfululizo, bila kupumzika. Bayi alifanya hivyo bila mtu wa kumwongozea kasi. Siku hizi rekodi nyingi za mbio hizi huwekwa kwenye mikutano ambako wakimbiaji maalumu hulipwa waongoze mizunguko ya mwanzo na kujitoa. Yeye alikuwa mwongoza kasi wake mwenyewe, akiwaongozea na wapinzani. Kwa maoni yangu hakuna mbio iliyowahi kukimbiwa na Mtanzania, uwanjani au barabarani, inayoizidi ile kwa ujasiri.

Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, akaongeza rekodi ya dunia ya maili kwa 3:51.0, akimwondoa Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Miezi mitatu baadaye Walker akakimbia 3:49.4 huko Göteborg, Sweden, na kuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Mashabiki wa riadha dunia nzima wakaanza kuhesabu siku kuelekea Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambako wawili hao wangekutana.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, katika mwaka uleule wa mauaji ya Soweto, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiadhibu New Zealand. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele. Walker akashinda dhahabu kwa 3:39.17, muda wa polepole kabisa, katika mbio za kuviziana za aina ileile ambayo Bayi alikuwa ameivuruga Christchurch. Haki ya kihistoria inadai tuseme pia kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo, na huenda hata angekwenda asingekuwa Bayi yule wa 1974. Naamini Tanzania ilifanya jambo la haki mwaka ule. Gharama ya haki hiyo, hata hivyo, haikugawanywa sawasawa. Sehemu kubwa yake ilimwangukia kijana wa miaka 23 aliyekuwa katika umri bora wa mbio zake.

Baada ya hapo mteremko wake unaonekana wazi. Mwaka 1978, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton, Kanada, aliongoza tena kama kawaida yake, lakini safari hii Mwingereza David Moorcroft akamfikia mwishoni. Bayi alipata fedha kwa 3:35.59, John Robson wa Scotland alikuwa nyuma yake kwa sehemu moja ya mia. Agosti 1979, mjini Zürich, Sebastian Coe akaichukua rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ilikuwa imekaa miaka mitano na nusu.

Na bado alibaki na moja kubwa. Moscow, 1980, akiwa na miaka 27, alihamia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio zinazochosha mapaja kuliko zote za uwanjani. Aliongoza kwa namna yake, akafungua pengo ambalo kwa mtazamaji lilionekana haliwezi kuzibwa. Bronisław Malinowski wa Poland, ambaye mama yake alikuwa Mskoti, alilila pengo hilo taratibu na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Bayi akashika nafasi ya pili kwa 8:12.48. Katika wiki hiyohiyo Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Hadi leo, baada ya michezo ya Paris ya 2024, medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili tu.

Kwa hiyo Bayi alishuka kama wanavyoshuka wakimbiaji wote, na alishuka akiwa na medali shingoni. Mtindo wake ulikuwa wa gharama kubwa. Wapinzani walishaujua, walijifunza kumwacha aende na kumfuata kwa hesabu. Malaria ilichukua yake, siasa zikachukua zake, na umri ukamalizia. Katika hayo hakuna la kumlaumu mtu.

La nchi ndilo linalouma. Bayi hakuwa mti pekee jangwani. Nyanda za juu zinazoanzia kingo za Ngorongoro, zikapita Karatu na Mbulu na kushuka hadi Hanang, zilikuwa zikitoa wakimbiaji mmoja baada ya mwingine. John Stephen Akhwari wa Mbulu, anayejulikana duniani kwa kumaliza marathoni ya Mexico ya 1968 akiwa na goti lililoumia, alikuwa mkimbiaji wa kiwango kikubwa hasa: mwaka 1970, mjini Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Gidamis Shahanga, kutoka Hanang, alishinda dhahabu ya marathoni Edmonton 1978, kisha akashinda dhahabu ya mita 10,000 Brisbane 1982, na katika mbio hizo za Brisbane mshindi wa pili alikuwa Mtanzania mwenzake Zakaria Barie. Katika marathoni ya Brisbane Juma Ikangaa alipata fedha. Taifa maskini, lililotoka tu kwenye Vita vya Kagera, maduka yakiwa hayana sukari wala sabuni, lilikuwa likipanda jukwaani katika mbio za uwanjani na za barabarani kwa pamoja.

Baada ya Ikangaa kushinda marathoni ya New York mwaka 1989, mbio za uwanjani zinaanza kutoweka katika hesabu yetu. Dhahabu za Francis Naali (Manchester, 2002) na Samson Ramadhani (Melbourne, 2006) zote ni za marathoni. Kutoka Delhi 2010, Glasgow 2014 na Gold Coast 2018 timu yetu ya Jumuiya ya Madola ilirudi mikono mitupu.

Maelezo ya kwanza yanayotolewa ni kususia. Hayatoshi, na ushahidi uko jirani. Kenya ilisusia Montreal 1976 na ikasusia tena Moscow 1980, ambako sisi tulikwenda. Ilipoteza Olimpiki mbili mfululizo, kizazi kizima. Lakini Seoul 1988 ilishinda dhahabu nne za mbio: Paul Ereng mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000 na Julius Kariuki viunzi na maji. Huyo Rono alisoma St. Patrick's, Iten, shule ambako mwaka 1976, mwaka uleule wa kususia, alifika mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, akawa kocha na akabaki huko. Wakati sisi tunahesabu hasara ya Montreal, shule moja ya Bonde la Ufa ilikuwa inatengeneza mshindi wa mita 1,500 wa miaka 12 ijayo.

Maelezo ya pili hupendwa sana na wazee: kwamba watoto wa siku hizi hawakimbii kwenda shule. Shule zimesogea, bodaboda zimejaa, barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilijengwa kwa msaada wa Japani. Yote ni kweli. Lakini Kenya nayo ina lami na bodaboda. Na mtoto wa Rhotia au Endabash bado anaishi mwinuko wa kiasi cha mita 1,500 au zaidi, na akitaka kupanda hadi kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, msitu na njia vipo. Hewa nyembamba inayoulazimisha mwili kuongeza chembe nyekundu za damu haijabadilika tangu Bayi azaliwe mwaka 1953. Mapafu hayakupotea.

Kilichopotea ni ngazi, na hasa vipawa vyake vya katikati.

Taifa changa la miaka ya 1960 na 1970 liliijenga ngazi hiyo kwa makusudi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mtoto aliyeonekana shuleni alikwenda kwenye mashindano ya wilaya, akaenda ya mkoa, kisha ya taifa, na mwisho wa njia hiyo alikutana na jeshi, polisi, magereza au shirika la umma lililokuwa na timu. Hapo alipata mshahara, chakula, tiba na, juu ya yote, muda wa kufanya mazoezi. Bayi alikuwa mwanajeshi wa JWTZ. Wachache walipanda hatua moja zaidi: Nyambui na Shahanga walipata nafasi Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, wakakimbia ligi za vyuo za Marekani dhidi ya vijana bora wa dunia. Ngazi hiyo haikuwa na anasa, lakini kila kipawa kilikuwapo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vipawa hivyo vya ngazi vikaanza kung'oka. Mashirika ya umma yalipobanwa, yakafilisika au yakauzwa, timu zake zilikufa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisitisha mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, kabla ya kuyarudisha baadaye katika mwongo huohuo. Hatua hiyo ndiyo ninayoiona mbaya kuliko zote, kwa sababu mkimbiaji wa mita 1,500 hapatikani akiwa na miaka 23. Kasi ya miguu hujengwa utotoni na ujanani, kati ya miaka 12 na 18, kwa mbio fupi za kurudiarudia, kwenye umbali uliopimwa, mbele ya mtu mwenye saa na ujuzi. Miaka michache ya shule bila mashindano ni rika zima lililopita bila kupimwa na mtu.

Wakati vipawa vya katikati vinaondoka, barabara ikaleta fedha. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na mbio za barabarani zikaenea nchi nzima. Karatu yenyewe ina Ngorongoro Marathon, inayotoka lango la Loduare na kuteremka hadi mjini. Ni mbio nzuri, zenye hewa nzuri na watu wengi, na sina neno baya juu yake. Lakini hebu tujiweke mahali pa kijana wa miaka 18 mwenye miguu. Mbele yake kuna kibarua cha mashamba ya kahawa ya Oldeani, vitunguu vya Mang'ola, kazi za loji na magari ya watalii. Akikimbia kilomita 21 na kuingia kati ya watano wa kwanza, anarudi nyumbani na fedha taslimu jioni ileile. Akichagua mita 1,500, atahitaji kocha, uwanja, miaka minne au mitano, viza za Ulaya na wakala, na katika miaka yote hiyo hakuna atakayemlipa hata nauli ya kwenda Arusha. Anakwenda barabarani, na akishazoea mwendo wa kilomita 21 akiwa na miaka 18, kasi ya mita 1,500 haimrudii tena. Yuko sahihi kwa hesabu yake. Hesabu ndiyo iliyopangwa vibaya.

Najua nitajibiwa kwa jina la Alphonce Simbu, na jibu hilo ni zito. Septemba 2025, mjini Tokyo, Simbu alishinda dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia ya sekunde baada ya kilomita 42. Gabriel Geay alikimbia Valencia 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin 2023. Nchi yenye watu hawa haiwezi kusemwa imekufa katika riadha. Lakini tuangalie Simbu alipandaje. Ni askari wa JWTZ. Alipata shaba London 2017, fedha Birmingham 2022, kisha dhahabu: miaka minane ya kazi ya mtu mwenye ajira inayomruhusu kukimbia. Pale ambapo kipawa cha ngazi kilibaki, mtu alipanda. Ushindi wake unathibitisha kwamba tatizo ni ngazi, na pia kwamba imebaki na upande mmoja tu, upande wa barabara, unaowapokea watu wazima.

Bayi mwenyewe hakukaa kimya. Baada ya kuacha mbio aliingia katika uongozi, akawa kwa miaka mingi Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Amejenga shule zinazobeba jina lake, Kimara na Mkuza, Kibaha, na kupitia taasisi yake kila Desemba Karatu hupata tamasha la michezo kwenye viwanja vya Mazingira Bora, ambako watoto hushindana mbio, mpira, baiskeli na ngoma. Ni vigumu kumtaja mwanamichezo mwingine wa Tanzania aliyerudisha kiasi hicho kwao. Ndiyo maana inaumiza kuona kwamba kilichowekwa mabegani mwake ni kazi ya serikali, ya halmashauri na ya chama cha riadha. Tamasha la siku chache linaweza kumwonyesha mtoto. Haliwezi kumlisha Januari, kumpima Machi, kumpeleka mkoani Juni na kumsomesha miaka minne. Shule zake ziko Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, karibu na usawa wa bahari, mamia ya kilomita kutoka kwenye mwinuko uliomtengeneza, na Karatu, tangu ilipokuwa sehemu ya Mbulu na hata baada ya kuwa wilaya, haijapata shule ya sekondari iliyofanya kwa mbio kile ambacho Iten ilifanya.

Wengine hudai uwanja wa tartani kwanza. Tartani ni jambo jema, na majani ya uwanja wa shule wakati wa masika hayafai kwa mbio za kasi. Lakini Iten ilitengeneza mabingwa wa dunia kwenye udongo kwa miongo kadhaa, na Bayi hakulelewa juu ya mpira mwekundu. Fedha ya uwanja mmoja ingelipa makocha wa shule nyingi kwa miaka mingi. Ningeanza na kocha: mtu mmoja mwenye mshahara, saa ya mkononi na daftari, katika sekondari moja ya bweni ya Karatu, akibaki hapo miaka kumi bila kuhamishwa. Colm O'Connell hakuwa na zaidi ya hayo alipoanza.

Kwa nini jambo hili lizungumzwe sasa? Kwa sababu ratiba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow ya 2026 imepunguzwa, na marathoni haimo. Mbio ambazo kwa zaidi ya miaka 20 zimetupatia kila dhahabu tuliyopata katika riadha ya michezo hiyo zimeondolewa. Badala ya mita 1,500 imerudishwa maili, ambayo haijakimbiwa katika michezo hiyo tangu Kipchoge Keino alipoishinda Kingston mwaka 1966. Ni mbio za mizunguko minne na mita tisa, na rekodi yetu ya taifa katika mbio hizo ni ya Mei 1975. Kijana wa Karatu atakayekuwa na miaka 20 kwenye michezo ya 2034 yuko shule ya msingi leo, na Desemba ijayo huenda akawa miongoni mwa watakaokimbia Mazingira Bora. Ofisi ya michezo ya wilaya inaweza kuandika jina lake, muda wake na shule yake siku hiyohiyo, na Januari ikamtafuta.